Kotapini

Tangu Jumatano mkono wa kushoto wa pedeli unacheza.
Nikipanda mlima wa Bugarika unasema kwa, kwa, kwa,
kama mwenye nyumba anayejua nimo ndani.

Fundi Mayunga wa Mabatini anataka elfu nane.
Elfu nane ni sado ya dagaa na nauli ya kuifuata.
Nikasema: chuma nimekipanda miaka sita,
nitashindwaje kukifungua siku moja?

Basi baiskeli nimeilaza uani, juu ya jabali,
maana huku kwetu uwanja ni mawe na mawe ndiyo uwanja.
Jabali lililobeba chumba, pipa la maji na kamba ya nguo
leo limekuwa fuawe.

Nati imetoka kwa adabu.
Lakini kotapini!
Imeng'ang'ania tundu lake
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.
Nikaipiga nyundo, kichwa kikavimba kama uyoga,
na pini ikishavimba kichwa, anasema jirani yangu Kwandu,
haipiti tena tundu ililoingilia.
Anajua Kwandu.
Anajua kila kitu kikishaharibika.

Nikakaa na tupa hadi adhana ya alasiri,
nikaunyoa ule uyoga, punje kwa punje.
Nikaweka mafuta ya taa, nikasubiri wali uive.
Kimya.
Nikaweka oili chafu ya pikipiki ya Lugata.
Kimya.
Nikakumbuka mafuta ya sangara kwenye chupa ya soda,
yale niliyokamua mwenyewe kwa matumbo ya Mwaloni;
nikayadondosha, tone, tone,
na paka watatu wakafika
kabla kutu haijapata habari.

Usiku nikachemsha birika zima
nikaumwagia ule mkono taratibu,
kama ninavyomkanda mama mgongo.
Nikasikia, naapa, kijisauti: tss,
kama mtu aliyetaka kukiri
kisha akaghairi.

Asubuhi nikaona kosa langu.
Siku nzima nilikuwa napiga hewani:
mkono unaning'inia, nguvu zote zinamezwa na gololi,
na jabali lipo pale pale, halijaombwa kitu.
Nikachomeka kipande cha bomba chini ya mkono,
bomba likakanyaga jiwe, jiwe likakanyaga Mwanza yote.
Pigo moja.
Si kubwa. Lilikuwa tu na pa kusimama.

Pini ikaruka, ikapiga ndoo, ikalala.

Imeviringishwa utepe wa bati,
uliokatwa kwa mkasi kwenye kopo la maziwa ya unga;
mkia wa ng'ombe bado unaonekana, na kwato moja.
Hii ni kazi ya Masalu.
Tundu lilikuwa limelegea, duka limefungwa,
na kesho yake anakwenda machimboni, ng'ambo ya Kamanga.
Nimeibana kwa muda tu, alisema.
Miezi mitatu, alisema pia.

Utepe ule umebeba dagaa, umebeba mkaa,
umembeba Minza na homa yake hadi Bugando,
usiku, mlima wote, mimi nimesimama juu ya pedeli
natukana kila aliyewahi kuijenga hospitali kileleni.
Na tangu Jumatano nimekuwa nikiulaani
bila kujua upo.

Pini mpya ni elfu moja na mia tano.
Kwandu anasema, igonge mpaka ilie.
Nitaigonga ikae. Ikianza kulia nitaacha.
Kuna siku mtu ataitoa,
na huenda mtu huyo ni mimi,
na mabega haya yakiwa yamechoka kuliko leo.

Utepe nimeuosha kwa sabuni, nimeuanika.
Paka mmoja amebaki juu ya jabali,
analamba pale palipodondoka.