Matope Yaliyopata Viza

"Yaani ulipanda ndege usiku kucha
ukasomee matope ya hapa?"
Mama amejishika kiuno, leso imelowa hadi magotini.
Mimi, ndani ya buti za mpira za chuo,
nasukuma mrija chini ya maji
pale palipokuwa jikoni petu.

Simjibu. Nahesabu sentimita.
Mrija wa kumi na saba.
Ukiuvuta kwa pupa, unapoteza miaka.

Nianzie wapi? Kule ukumbi mmoja
unameza watu mia sita na haucheui.
Profesa, kutoka nilipoketi, ni kipara na kipaza sauti.
Jina langu ni tarakimu saba;
nikizisahau, hata supu sipati.
Mwezi wa kwanza, kwenye ofisi ya wageni,
nilishika kikaratasi cha namba ishirini na tano
kwa lugha inayotaja tano kabla ya ishirini.
Nikapitwa na zamu yangu
nikiwa nimekaa mbele kabisa.

Chuo ni cha umma, karo hakuna:
ndivyo nilivyowaambia watu wa chama.
Sikujua kuna pesa za kufungiwa benki,
za mwaka mzima, ili ubalozi uamini
kwamba nitakula bila kuombaomba.
Arap Sitienei akaweka rehani hati ya shamba.
Shamba lenyewe siku hizi ni la pelikani.
Hati ingali kavu, kabatini mwa benki.

Kuna maabara chini ya ardhi,
na friji pana kuliko kibanda cha kinyozi pale Bondeni.
Humo, kwa nyuzi nne, maziwa ya dunia yamelazwa
kama maiti wenye vitambulisho,
na mmoja umeandikwa NAKURU
kwa mwandiko wa mtu asiyewahi kufika.
Siku moja ya Desemba, jua likiwa limezima saa kumi,
niliufungua bila ruhusa. Nikanusa.
Magadi. Mayai viza. Mavi ya heroe.
Mvua ya kwanza juu ya mabati ya Mwariki.
Nilikaa sakafuni hadi mlinzi akaja na tochi,
akauliza kama nimepotea.
Nikajibu, kwa sarufi sahihi kabisa, hapana.

(Matope yalipata kibali cha kusafiri kwa siku tisa.
Mimi, miezi minne, na alama za vidole mara mbili.)

"Sasa hasa unatafuta nini?"
Maji yalipanda lini, namwambia. Wiki kwa wiki.
Profesa anasema miaka ile hakuna aliyepima.
Mama anacheka hadi anaegemea mgunga uliokauka,
anacheka hadi kwarara wanaruka.
"Hakuna aliyepima! Na mimi nilikuwa nani?"

Jioni, kwenye chumba cha kupanga kule Kaptembwo,
ananionyesha kalenda ya duka la dawa za mifugo.
Kila Jumapili baada ya ibada
alihesabu vidato vya mlango vilivyosalia,
akaandika kwa kalamu ya kuazima.
Namwomba niende nayo.
"Kalenda sitoi. Nyuma ina madeni ya chama."

Fomu ya chuo ina kisanduku: chanzo cha takwimu.
Nitaandika jina lake lote, la ubatizo na la kwao,
hata likitoka nje ya mstari.

Naipiga picha mlangoni penye mwanga.
Mbele: vitano. Vinne. Vinne. Viwili.
Kimoja, tumetoa godoro.
Kisha Jumapili tupu hadi mwisho wa mwaka.

Nyuma: unga wa Mama Chelagat,
dawa ya ng'ombe, jeneza, sukari ya matanga,
na chini yake, kwa wino uleule,
nauli ya Wairuri. Bado.