Kubadhi la Kushoto

Filamu ni ya dakika moja na nukta nane.
Tuliipiga siku kumi na moja, Mkomani, chini ya ngazi,
simu ya Mbwarahaji imefungwa kwa mpira wa baiskeli
kwenye mbuzi ya kukunia nazi,
na mtu asipite, jamani, mtu asipite!
Mama akapita na sufuria ya uji.

Kisa ni hiki: Ijumaa, mlango wa msikiti,
kubadhi la kushoto limebaki peke yake,
mwenzake kavaliwa na mguu usio wake.
Linangoja. Watu wanakwisha.
Basi linashika njia kumtafuta.

Hatua moja ya kubadhi ni picha sita.
Sogeza upana wa ukucha. Toa mkono. Piga.
Sogeza. Toa mkono. Piga.
Ngazi ya tatu ilitula siku mbili nzima,
tukibishana kitu kisicho na goti kinapandaje,
mpaka Mwanahalima, wa miaka saba, akauliza:
"Kwani nyoka ana goti?"

Jua nalo halikutungoja.
Kubadhi linapiga hatua nne tu
na kivuli cha ukuta kinakimbia kama mwenye madeni.
Mbwarahaji alitaka kufuta. Nikamwambia acha,
asubuhi yetu yote imo humo.

Pale pa kuanguka tulilipindua, nyayo juu.
Picha ya mia nne na tatu: kidole gumba, hina nusu imefutika.
Ya mia nne na nne: kubadhi limekaa sawa.
"Kiatu hakiachwi kimepinduka," alisema Mama,
akaenda zake jikoni.
Tukaibakisha.

Mwisho ndio uliotutesa.
La kulia hatukuwa nalo. Lilipotea kweli,
Ijumaa ya kweli, na Baba tangu hapo
anakwenda kuswali na kandambili za chooni.
Usiku, umeme umekatika, Mbwarahaji akaigeuza picha
kama inavyogeuka kwenye kioo,
kushoto kukawa kulia.
Wakakutana kizingitini, wawili.

Tuliionyesha simu ikiegemea birika,
vichwa vinane vikigombea kioo kimoja.
Watoto wakapiga makofi.
Baba akasogea, akavaa miwani.
"Huyo si mwenzake," akasema.
"Mshono uliofumuka uko pale pale."

Akanyamaza. Akatazama miguu yake.

"Hebu rudisha nyuma kidogo.
Hapo wanapokutana."