Kifungu cha Kumi na Nne

Leo tumekuwa huru, asema mkurugenzi;
soda zimezunguka studio, moja kwa watu wawili.
Redio ya umma ina bodi yake sasa,
haitapigwa tena ile simu ya magharibi
kuniambia nani asitajwe.

Bei yake naijua.
Kinasa sauti changu kilisahauliwa mezani
kule Raskazone, kikiwa macho:
"Tupeni redio. Kifungu cha kumi na nne
hatutakipigania."
Kijiko kikagonga kikombe.
"Haya, chukueni redio yenu."

Kifungu kilikuwa cha Singano, baba yangu mdogo,
mkata mkonge wa Pongwe, jicho moja lilikwenda na mwiba.
Mstari mmoja: kiinua mgongo
hata kwa anayelipwa kwa fungu.
Nilimsomea kibarazani. Akasema, rudia.
Nikarudia. Akajaribu kusimama wima,
akacheka, akashika kiuno.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni huyu hapa, ananywa soda.

Saa mbili kasoro dakika moja.
Karatasi mbele yangu haikufutwa hata neno:
kifungu kimeondolewa, basi.
Haikuandikwa kiliondolewa kwa badala ya nini.
Hakuna aliyenikataza kulisema hilo;
ndiyo mara ya kwanza
nikimtafuta wa kumlaumu kwa kimya changu
simwoni.

Pongwe, najua, ameshafunga waya wa antena
kwenye nondo ya dirisha
na kuwanyamazisha wajukuu: sikilizeni, mwanangu anasoma.

Taa nyekundu inawaka.
Kinasa sauti ki mfukoni,
kizito kama jiwe la mizani.