Kengele ya Kigango

Kisu cha kwanza nilikifua kwa nondo
iliyobaki walipomaliza choo cha shule.
Kiling'aa. Nikampelekea Masereka wa buchani.
Jioni alinirudishia kimejikunja kwenye paja la mbuzi
kama mtu aliyeombwa mkopo.
"Kabugho," akasema, "hiki chako kipake siagi."

Tangu siku ile macho yangu hutambaa chini.
Kasese nzima naisoma kwa kutu.
Reli imelala tangu sijazaliwa;
misumari yake minene niliijaribu usiku mmoja
(serikali inisamehe):
laini. Imebeba behewa za shaba miaka yote ile,
na bado laini.

Kwa Haji Kabuye, nyuma ya stendi, chuma hupimwa kwa kilo,
na kilo haijui tofauti ya bawaba na springi.
Sumaku haisaidii. Sumaku hupenda vyote,
ni kama mbwa wa jirani.
Mimi huja na tupa mfukoni.
Ikiuma kirahisi, naweka chini.
Ikisitasita, ikateleza kidogo, ikalia kama jino juu ya kijiko,
namwomba Kule aniwashie mashine ya kusagia
niangalie cheche.
Za nondo hutoka ndefu, zikaenda zao.
Za chuma cha pua hupasuka njiani,
matawi, vitawi, weupe juu ya weupe,
kahawa ikichanua baada ya mvua ya kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyopata springi ya Fuso
iliyozolewa na Nyamwamba mwaka wa mafuriko.
Cheche tamu! Elfu kumi na mbili, nikatoa bila kubembeleza.
Siku tatu za makaa na mvukuto,
mama akilalamikia moshi kwenye nguo zake za harusi ya watu,
hata kikawa kisu, chekundu, kimenyooka,
nikakitosa kwenye oili chafu —

ting.

Sauti ndogo, ukucha kwenye glasi.
Ufa ulikuwamo humo siku zote, mwembamba kuliko unywele.
Lori lilikuwa limeuandika kabla yangu.

Sikulia. Nilikula mihogo baridi
na sikusema na mtu siku mbili.

Jumapili, ningali kitandani, kengele ya kigango ikapigwa.
Nimeisikia maisha yangu yote.
Asubuhi ile nikaisikia kama mhunzi:
ndefu, safi, haina mkwaruzo katikati.
Sauti ya kitu kisicho na ufa.
Nikawahi kanisani, mama akadhani nimetubu.
Hiyo hapo, imening'inia kwa waya kwenye mvule:
jani la springi la Bedford, la enzi za mgodi,
nene kama kidole gumba,
limeng'aa mahali pamoja tu, pale nyundo inapolijua.

Katekista Thembo aliniona nikiligonga kwa ukucha
katikati ya litania.
"Unataka kumchinja nani?"
Tulibishana wiki nzima. Alisema limebarikiwa.
Nikasema baraka haitoki kwa kukatwa,
ingawa sikuwa na hakika.
Mwishowe nikaja na rimu ya Kosta kwenye bodaboda,
nimeikumbatia kama mgonjwa,
tukaitundika.
Inalia kuliko ile. Watu wa ng'ambo ya mto
sasa wanachelewa bila kisingizio.
(Rimu, baina yetu, haiwezi kukata hata ugali wa muhogo.
Lakini hakuna aliyeiomba ikate.)

Masereka anakitumia mwaka wa pili huu.
Hakisifu. Mchinjaji hasifu kisu,
huacha tu kulalamika.
Vipande viwili vimebaki chini ya kitanda changu,
vimepakwa mafuta, vimeviringishwa kwenye gunia,
na sijamwambia mtu.

Ila nikipita buchani akakigonga kwenye gogo
kukung'uta vipande vya mfupa,
mguu wangu hugeuka wenyewe kuelekea kigangoni
kabla sijakumbuka
nilikuja kununua maini.