Futi ya Mwantumu

Nimeazima futi ya cherehani,
ile ya manjano, iliyofutika namba za mwanzo,
nikaenda nayo Tegeta kwenye yadi za magari
kama fundi anayekwenda kumpima mtu suruali.

Boksa ni futi sita na nusu, tairi hadi tairi.
Usukani, ukitoa vioo, unanifika juu ya kitovu.
Miaka kumi na moja natengeneza pikipiki Tandika,
miaka kumi na moja nazifuata zilizozimika
Mbande, Kongowe, Chanika,
kwa kirikuu cha kukodi, faida inaishia njiani.

"Bosi, hii haijatumika," anasema Mwinjuma, dalali.
Dashibodi inasema elfu sitini na mbili.
Kanyagio la breki linasema mengine:
mpira umelika hadi chuma kinacheka.
Sibishani naye.

Ya kwanza ni Noah, nyeupe, polishi hadi macho yanateleza.
Nainama mlango wa nyuma, napima.
Inakataa kwa vidole vinne.
Vidole vinne tu! Ningeweza kulegeza usukani,
kuulaza, kila safari, hata kwenye mvua ya masika...
Hapana. Gari la kulibembeleza kila siku sinunui.

Ya pili Haisi. Hiyo inameza tatu na nafasi inabaki,
ila kwa mafuta haina haya,
na jana Mwantumu aliniambia, akikata gauni la mteja:
"Siku sita ni lako.
Ya saba linanipeleka Kariakoo kwenye vitambaa,
linampeleka mama kliniki na goti lake.
Nikikuta tone la oili kwenye hariri ya mtu,
utailipa wewe na spana zako."

Kwa hiyo kuna kipimo kingine,
hakimo kwenye futi:
goti la mama mkwe.
Nainua mguu polepole, najifanya linauma,
nashika mlango, napanda, nashuka, napanda tena.
Juu mno.
Mwinjuma ananitazama. Muuza maji naye kasimama.

Ya tatu iko nyuma kabisa, karibu na choo cha mlinzi:
Townace ya kijivu, ubavu mmoja umebonyea
kama sufuria iliyodondoka ikaendelea kupikiwa.
Goti linapanda bila kulalamika.
Nafunua zulia. Kutu ipo, ya juujuu;
nagonga kwa kifundo cha kidole, bati linaitika.
Chini ya siti naokota kifungo cha shati la mtoto.
Siti zinakunjika. Futi inaishia tano,
naweka kidole, naanza upya.
Boksa mbili zitalala mzungu wa nne,
usukani wa hii kwenye mkia wa ile,
kama nilivyolala na kaka yangu Shomvi
mpaka alipooa akaniachia mto.

Nawasha. Haina moshi.
Sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi,
Kijapani, sentensi moja, kwa upole.
"Anasema karibu," Mwinjuma anatafsiri haraka.
Nazima. Nawasha. Anarudia,
kama mtu anayekukumbusha ulichosahau mezani.
Sidhani ni karibu.

Milioni tisa. Saba. Tisa kasoro. Saba na nusu.
Tunafika nane na laki mbili, koo zimekauka,
na laki ya dalali ambayo hatuitaji lakini ipo.
Sijalipa. Kesho fundi Kapufi atalala chini yake,
na huyo akinyamaza, ujue kuna jambo.

Usiku namrudishia Mwantumu futi yake.
Anaivuta kwenye mwanga wa taa, anacheka puani.
"Hii imevutika siku nyingi. Hudanganya inchi nzima.
Sikukwambia?"
"Inaongeza au inapunguza?"
Pini zimejaa mdomoni, hajibu,
cherehani imeshaanza kukimbia,
nami nimelala chali, nahesabu upya:
usukani, mkia, goti,
vidole vinne vya Noah.