Tia Maji

Mwenzako akinyolewa, walisema, chako tia maji.
Mimi sikumngoja mwenzangu.
Nilijinyoa mwenyewe, bafuni, Luton, mwezi wa Februari,
kwa mkasi wa jikoni unaonuka kitunguu,
na nywele zilizounguzwa na dawa miaka tisa
zikaanguka kwenye sinki
kama nyuzi za mkeka uliochoka.
Siwatu akagonga mlango: "Umekufa humo?"
Nikatoka. Akanizunguka mara moja.
"Kumbe una masikio," akasema.

Basi nikatia maji.
Lakini maji ya Luton yana mawe ndani yake.
Itazame birika: kila wiki inaota ukoko mweupe,
nami nikawaza, kama chuma kinatendwa hivi,
kichwa je?
Nikatega ndoo nyuma ya nyumba, chini ya mfereji wa paa.
Mvua ya huku imeninyima mengi,
ila haijawahi kuniletea bili.

Hesabu zangu ni hizi:
kodi inakula kwanza, halafu umeme, halafu nyumbani,
halafu mimi, na mimi huanzia kwenye viatu vya kazini
kupanda juu,
kwa hiyo utosi hupata makombo.
Kopo moja la krimu, paundi kumi na nne.
Nililishika, nikalinusa,
nikalirudisha rafuni polepole
kama mtu anayemrudishia jirani mtoto wake.

Shofiq wa Bury Park huniwekea bamia
zilizokomaa, zisizolika, za jioni ya kufunga duka.
"Senti sitini. Kuni hizi unazipikaje?"
Sijamwambia.
Nazichemsha, nazikamua kwa soksi safi ya nailoni,
na ule mlenda unaponyoka vidoleni,
naufuata, naupaka fungu kwa fungu, ncha kwanza,
na kila msokoto unajikunja
bila kuonyeshwa njia.

Yai, hapana.
Yai nililijaribu mara moja,
nikasuuza kwa maji ya moto kwa ajili ya baridi,
nikatoka bafuni na kimanda kichwani.
Siwatu akaniletea chumvi.

Koti la duka la hisani, paundi tatu,
halikuzuia upepo hata wa mlango wa basi,
ila bitana yake, zambarau, ilikuwa inateleza.
Nikalifumua. Nikashona foronya.
Pamba hunywa mafuta usiku kucha,
nami sina mafuta ya kunywesha mto.

Kwa uzi mweusi nilikuwa nikipima,
fundo moja kila mwisho wa mwezi.
Mafundo yaliongezeka, kioo kikakataa kushuhudia.
Ukiuvuta msokoto wa kisogoni, unafika begani;
ukiuachia, unarudi mbio hadi sikioni
kama mtoto aliyetumwa dukani akakumbuka mchezo.
Ni ndefu, nakwambia.
Hazipendi tu kutajwa.

Juzi, saa kumi alfajiri, lango la wafanyakazi, uwanja wa ndege,
mlinzi mpya alishika kitambulisho changu,
akaangalia picha (mtu mwembamba, nywele zimelala kama zimekemewa),
akaniangalia,
akaangalia tena.
"Huyu ni nani?"
Nilikuwa na ndoo ya sabuni mkono mmoja, ufagio mkono wa pili.
Nikafikiri kidogo, kwa kweli nikafikiri.
"Tulikuwa tunaishi pamoja," nikasema.
Akacheka, akafungua.
Picha mpya wanatoza. Itangoja.

Usiku huu shanuo liko mezani, bamia zinatokota,
dirisha limelowa.
Siwatu amesimama mlangoni kwa muda mrefu,
taulo mabegani, mkasi wa jikoni mkononi,
dawa yake ya kunyoosha bado imefungwa ndani ya mfuko.
Haniulizi kama itauma, wala kama itaota.
"Ndoo imejaa?"
"Robo," namwambia.
"Lakini bado inanyesha."