Vitundu Vitatu

Kioo kilikuwa kwa ajili ya usingizi wako, Nekesa.
Unatoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi,
unavua viatu mlangoni vikinuka dawa,
na vindege vya Wilson vimeshaamka
vinapita juu ya South C kimoja baada ya kingine
kama watu wanaoburuta makabati angani.
Nikauza pikipiki. Nikaleta dirisha la vioo viwili,
hewa kavu imefungwa katikati.
Siku ya kwanza ulilala hadi saa kumi,
nami nikapika nikitembea kwa soksi.

Masika yakaja na doa.
Pembe ya chini, kushoto, upana wa kisahani.
Wiki ya pili rangi ikatoa malengelenge.
Wiki ya tatu chumvi ikachanua ukutani, nyeupe, laini,
nikaionja kwa ulimi. Ndiyo, kwa ulimi. Usicheke.

Nilimlaumu kila mtu.
Wewe, kwa kuanika sare chumbani.
Maharagwe, kwa kuchemka tangu adhuhuri.
Bwana Lempaa wa ghorofa ya juu,
anayeoga kama anamwagilia shamba.
Kisha nikabandika kipande cha foili juu ya doa,
kingo zote nne kwa gundi,
nikangoja siku mbili kama mtu anayengoja majibu ya maabara.
Upande wa chumbani: mkavu.
Upande wa ukutani: matone.
Basi si pumzi zetu, wala sare, wala maharagwe.
Nilipaswa kukuomba radhi hapo hapo.
Nilichofanya ni kununua silikoni.

Mirija mitatu, jamani.
Jumapili nzima juu ya ngazi ya kuazima
nikiziba chochote kilichofanana na mwanya,
nikijikumbusha: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Jumanne ikanyesha. Kisahani kikawa sinia.

Ndipo akaja Kasyoka, fundi wa vioo kutoka Kariobangi,
na binti yake wa kumshikia ngazi.
Doa hakulitazama. Aliomba mpira wa maji.
Akamwagia ukuta chini ya dirisha, dakika kumi:
hakuna kitu.
Akapanda kwenye kizingiti:
hakuna.
Akamwagia kioo chenyewe, polepole,
kama anayemwosha mtoto kichwa,
nami ndani nimepiga magoti, shavu karibu na plasta,
nikasikia sauti isiyo yangu ikisema: yanakuja.

“Nani alipaka hii?”
Fundi, nikasema.
“Fundi gani?”
Fundi mmoja hivi.
Binti akazitazama kucha zangu.

Kasyoka akatoa spoku ya baiskeli mkobani,
akachokoa chini ya fremu, mara tatu.
Vitundu vitatu, kila kimoja kama punje ya mtama.
Kimoja kilikuwa na saruji tangu siku ya kwanza.
Viwili, akasema, ni vya huyo fundi wako.
Dirisha lolote huingiza maji, mzee.
Fremu kazi yake ni kuyaonyesha njia ya kutoka.
Na likatema, maji ya kahawia, ya tangu Aprili,
yakaviloweka viatu vya binti yake.

Plasta tuliibomoa hadi kwenye jiwe la Ndarugo.
Usipake kitu kabla ya Agosti, alisema,
jiwe lina haraka yake, si yako.

Sasa ni Julai, baridi inauma,
na karibu na kichwa chako kuna shimo la ukubwa wa mto.
Umeliuliza mara moja tu.
Nilikujibu habari za fremu, za mteremko, za saruji,
maneno mengi, yote ya kweli,
na lile moja likabaki kooni.
Usiku wa jana kulinyesha bila msimu.
Nilisimama gizani na tochi
nikiyatazama matone yakitoka nje, tundu la kwanza, la tatu,
la katikati likisitasita.

Sare yako imeanikwa chumbani, inadondoka.
Iache. Haikuwa sare.
Naandika haya nyuma ya risiti ya silikoni,
nitaiacha chini ya kikombe chako.
Ndege ya saa tatu imepita sasa hivi.
Hukugeuka.